Samaki Mkunje Angali Mbichi: Kiswahili na Seva za Maeneokazi Pepe

Katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet, mkulima mdogo hamiliki mtambo wa kukaushia majani. Huchuma, hubeba hadi kwenye banda la kukusanyia, majani yakapimwa, kisha lori likayapeleka kiwandani. Huko ndiko yanakonyaushwa, yakakatwa, yakachachushwa na kukaushwa. Kiwanda kimoja hutumikia mashamba mengi, na jambo likienda kombo humo, huwaendea kombo wote. Nimeanza na mfano huu kwa kuwa ndio ulionifumbulia maana ya seva ya maeneokazi pepe, mada ambayo sisi wa idara za Kiswahili tumezoea kuwaachia mafundi.

Eneokazi ni ile sura ya kwanza ya tarakilishi, yenye faili na programu za mtumiaji. Badala ya kununua tarakilishi kamili 30, taasisi huweza kununua seva moja yenye nguvu, pamoja na vifaa vidogo vya kuunganishia skrini, kibodi na kipanya. Ndani ya seva, programu maalumu hugawa uwezo wa mashine hiyo ili kila mtumiaji apate eneokazi lake. Iwapo kila mwanafunzi atatengewa gigabaiti 2 za kumbukumbu, wanafunzi 30 watahitaji gigabaiti 60, kabla seva yenyewe haijapewa fungu lake. Fikra hii si ngeni. Tangu miaka ya 1960, mashine kuu moja iliweza kutumiwa na watu wengi kwa wakati mmoja. Na mwaka 1999 ulianza mradi wa Linux Terminal Server, uliowezesha tarakilishi kuukuu kutumika kama vituo vya seva moja.

Lililo muhimu kwetu ni hili: fundi huandaa nakala mama moja, akaiwekea programu, mipangilio na lugha. Maeneokazi yote huzaliwa kutokana na nakala hiyo.

Miaka michache iliyopita, nilikuwa nikifundisha Kiswahili kwa muda katika shule moja ya upili karibu na Kiptere, fundi alipokuja kusimika seva ya namna hiyo. Nilimkuta akiandaa nakala mama. Skrini ilimwuliza lugha ya mfumo. Akachagua Kiingereza bila hata kugeuka. Nami nilikuwa nimesimama nyuma yake, nikanyamaza. Majuma mawili baadaye, niliwapeleka wanafunzi wa kidato cha pili wakachape insha zao za Kiswahili. Takriban kila neno lilipigwa mstari mwekundu, katika skrini zote. Msichana mmoja akaniuliza, "Mwalimu, mbona inasema tumekosea yote?" Nikamjibu kwamba mashine haijui Kiswahili. Jibu hilo lilikuwa nusu ya ukweli. Nusu ya pili ni kwamba siku mashine ilipokuwa ikifundishwa lugha, mwalimu wa Kiswahili alikuwepo na hakufungua kinywa.

Hapa ndipo ilipo hoja yangu. Zamani, kukiweka Kiswahili katika maabara kulihitaji mtu aipitie tarakilishi moja baada ya nyingine, kazi ya kuchosha ambayo aghalabu haikufanywa. Katika mfumo wa seva moja, uamuzi hufanywa mara moja, mahali pamoja, ukawafikia wote. Nafasi ya kukiingiza Kiswahili haijawahi kuwa nyepesi kiasi hiki. Vivyo hivyo nafasi ya kukisahau.

Wala tusiseme kwamba nyenzo hazipo. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux, uliowashirikisha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Uswidi, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. LibreOffice, iliyochipuka kutoka OpenOffice mwaka 2010, inayo kamusi ya kusahihishia tahajia ya Kiswahili, nayo haiuzwi. Microsoft nayo imetoa sura ya Kiswahili ya Windows. Kazi ya tafsiri ilikwisha kufanywa na wenzetu. Iliyobaki ni ya kuisimika.

Wapo watakaopinga kwamba mtihani wa taifa wa somo la tarakilishi hutungwa kwa Kiingereza, hivyo Kiswahili kitamchanganya mwanafunzi. Pingamizi hili lina uzito, ila halikatai ninachopendekeza. Nakala mama inaweza kubeba lugha zote mbili, kila mtumiaji akachagua. Isitoshe, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inazitaja Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Lugha rasmi isiyoweza kuchapwa bila kukosolewa ina urasmi gani?

Pingamizi zito zaidi ni la istilahi. Chukua neno "pepe". Katika "barua pepe" tumelizoea kwa maana ya kielektroniki. Katika "eneokazi pepe" lataka kumaanisha kitu kinachofanya kazi kana kwamba kipo, ilhali umbo lake halisi limo ndani ya mashine nyingine. Je, mwanafunzi wa Kiptere, ambaye lugha yake ya kwanza ni Kikipsigis, ataelewa lipi? Hatuwezi kulijua hilo kwa kubishana katika semina. Tutalijua tukiketi kando yake akitumia neno hilo, tukaona anapokwama.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili. Kwanza, kila taasisi inaposimika seva, idara ya Kiswahili itume mwakilishi kabla nakala mama haijafungwa, akiwa na madai machache: kamusi ya tahajia, sura ya Kiswahili kama chaguo, na programu iliyojaribiwa kwa insha halisi. Pili, vyama vyetu vya wanafunzi vikusanye maneno yanayowatatiza watumiaji, na kuyarudisha kwa watafsiri.

Shime, wanafunzi wenzangu! Tumeandika tasnifu nyingi kuhusu nafasi ya Kiswahili katika teknolojia. Nafasi yenyewe nimewahi kuiona: ni swali moja kwenye skrini, na fundi aliye tayari kulijibu peke yake tukinyamaza.