Ini na Askari Waliozuiliwa

Katika maradhi yanayozitatiza nyumba zetu, homa ya ini ya aina ya B ni mojawapo. Mtu huenda kumtolea damu jamaa yake, akaambiwa ya kuwa damu yake haifai kwa sababu ina virusi vya ini. Naye hana homa, macho yake hayana umanjano, na jana alishinda shambani. Jamaa hugawanyika: hawa husema tabibu amekosea, na wale humtengea kikombe na sahani. Wote wamekosa. Kikombe hakiambukizi, huambukiza damu, wembe wa kushirikiana, kujamiiana, na mama kwa mtoto wakati wa kuzaa.

Ama kuhusu uzima wake wa nje, yapasa kujua ya kuwa virusi hivi, ijapokuwa huzaana ndani ya chembe za ini, kwa desturi haviziui vyenyewe. Wanaoziua khasa ni askari wa mwili, yaani chembe nyeupe za damu, wakitaka kumtoa adui aliyejificha humo. Vita vikiwa vikali na vikaisha upesi, mtu hupona. Katika watu wazima 100 walioambukizwa, wanaobaki na virusi hawafiki 5. Lakini katika watoto 100 walioambukizwa wakizaliwa, kiasi cha 90 hubaki navyo.

Basi askari wa hawa wako wapi? Wapo, ila wamechoka, na tena wamezuiliwa. Mwaka 1995 mtaalamu wa Kijapani, Shimon Sakaguchi, alibainisha kundi la chembe nyeupe ambalo kazi yake si kupigana bali kuwazuia wapiganaji wasiushambulie mwili wenyewe. Mwaka 2025 yeye na Wamarekani wawili, Mary Brunkow na Fred Ramsdell, walipewa tuzo ya Nobel kwa elimu hiyo. Wachunguzi wamezikuta chembe hizi zimezidi katika damu na maini ya wagonjwa wengi wa muda mrefu. Na zilipotengwa na damu iliyowekwa chupani, askari waliobaki walivikabili virusi kwa nguvu zaidi.

Msomaji atasema: basi na ziondolewe! Hapo ndipo penye khatari. Kizuizi kikiondoka ghafula, askari huweza kuliangukia ini zima, na mtu akafa kwa majuma machache. Chembe hizo hulihifadhi ini lisibomolewe, na kwa kulihifadhi huko humpa adui makao. Miaka ikipita makovu hujengeka taratibu. Na saratani ikizuka, wazuiaji hao hao huikinga nayo isishambuliwe. Dawa zinazotumiwa sana, kama tenofoviri, haziwagusi askari. Huzuia virusi visizaane tu, na aghalabu humezwa kila siku kwa miaka mingi.

Mwenye virusi, hata akijiona mzima, hana budi kupimwa ini mara kwa mara, na mwenziwe na watoto wapimwe, wasio navyo wachanjwe. Mtoto mchanga apasa kuchanjwa ndani ya saa 24. Katika nchi nyingi za Afrika chanjo hii huanza mtoto akiwa na majuma 6. Mama mwenye virusi asingoje hayo, bali aulize kliniki mapema, angali mjamzito, ile ya siku ya kwanza hupatikana wapi, na kama yeye mwenyewe ahitaji dawa kabla ya kujifungua.