Nondo wa Hariri na Salamanda wa Meksiko

Juma hili tunawaalika wazazi na watoto wawatazame viumbe wawili walio mbalimbali: nondo wa hariri, ambaye ufugaji wake ulianzia Uchina, na aksolotli, salamanda wa mifereji ya Xochimilco, kusini mwa jiji la Mexico.

Wote wawili huanza kwa yai. Kiwavi wa nondo hula majani ya mforsadi, hujivua ngozi mara nne, kisha hujizungushia kifukofuko cha uzi mmoja uwezao kufika mita 900. Humo hugeuka umbo, akatoka na mabawa. Aksolotli, kinyume chake, hukomaa na kuzaa angali na umbo la utotoni. Haachi maji, wala hapotezi mashavu yake ya kupumulia, yaliyo kama manyoya pembeni mwa kichwa. Mguu wake ukikatika, huota mwingine.

Mtu aweza kudhani kwamba aliyegeuka ndiye aliyefuzu. Lakini nondo huyu, baada ya kufugwa kwa maelfu ya miaka, ana mabawa yasiyoweza kumrusha. Hali chochote, na hufa baada ya siku chache. Wengi hawafiki hata hapo, kwani vifukofuko hutiwa joto pupa angali ndani, ili uzi usikatike. Ndiyo hariri waliyokatazwa wanaume wetu na kuruhusiwa wanawake.

Naye aksolotli amejaa katika maabara na matangi ya wafugaji duniani, ilhali kwao anatoweka. Mwaka 1998 wataalamu walikadiria aksolotli wapatao 6,000 kwa kila kilomita ya mraba ya Xochimilco. Mwaka 2014 walikadiria 36 tu. Maji yamechafuka, na perege, samaki wa asili ya Afrika walioletwa wawe kitoweo, hula mayai na watoto wake.

Hapo ndipo wawili hawa wanapofanana: wote wamo mikononi mwa binadamu. Mmoja tumemtunza hata akapoteza uwezo wa kuruka. Mwingine tunamhifadhi katika vioo huku makazi yake yakiharibika. Waliopeleka perege walikusudia kulisha watu, si kuangamiza. Nia njema ni lazima, lakini amana hudai pia ujuzi.

Basi mtoto akiomba kuleta mnyama nyumbani, tumuulize kwanza: atakula nini, na huko atokako wamebaki wangapi?