Mti wa ukoo na watu wa Kengeleni

Wadau, programu nyingi za mti wa ukoo zinaanza na kisanduku cha jina la ukoo. Haya, mjazieni mtu wa Frere Town, hapa Kisauni. Kuanzia 1875 wamisionari wa CMS waliwapa makazi hapo watu waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa: Wayao, Wamakua, Wanyasa. Kengele yao ndiyo iliyoipa Kengeleni jina. Wengi walibatizwa majina mapya ya Kizungu, na jina la kwao, kama lipo, limo kichwani mwa bibi fulani, si kwenye rejista.

Fomati ya GEDCOM, ya tangu 1984, inaruhusu mtu awe na majina kadhaa, kila moja na chanzo chake. Tatizo ni sisi waundaji na kile kisanduku kimoja chenye nyota nyekundu. Mtu anaandika lolote ili apite, na mjukuu ataliamini.

Mimi ningeanza na "nani kakwambia?" Halafu neno lake liandikwe lilivyo. Bibi akisema "babu", huenda ni ndugu wa babu; usiligeuze kuwa "baba wa baba" kabla hujamuuliza. Mnaonaje?