Fundi alipwe kwa kupima

Gari lenye misi husikika kabla halijaonekana. Linapoingia gereji ya Gerezani, Dar es Salaam, au ya Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, ekzosi inakohoa, usukani unatetemeka mikononi mwa dereva, na ile taa ya njano yenye umbo la injini inawaka kwenye dashibodi. Fundi anachomeka skana chini ya usukani, anasubiri kidogo, kisha anasoma: P0302. “Koili ya silinda ya pili imekufa, bosi.” Mwenye gari anatoa pesa, kijana anatumwa dukani, koili mpya inafungwa. Siku ya tatu gari linarudi likitetemeka vilevile. Sasa lawama inahamia kwenye plagi. Zikishabadilishwa zote nne na hali ikabaki ileile, inafuata zamu ya nozeli.

Ugomvi unaozuka hapo huwa mkali. Mwenye gari anasema ametapeliwa. Fundi anaapa kwamba mashine ndiyo iliyosema. Mashine haikusema hivyo. Ilisema kitu kidogo zaidi, na kwa kuwa watu wengi wanalipia spea kila wiki bila kukijua, inafaa kukieleza polepole.

Herufi P inahusu injini na gia. Namba 0302 maana yake ni kwamba silinda ya pili ina misi, yaani imekosa kuchoma mafuta mara nyingi kuliko kiwango kinachovumilika. Basi. Koili haijatajwa, wala plagi, wala nozeli. Kompyuta ya gari haina jicho ndani ya silinda. Inachokifanya ni kuisikiliza injini kupitia kranki. Kwenye injini ya Toyota ya 1NZ-FE, ambayo imo katika Fielder, Probox, Premio na IST nyingi zilizoko barabarani, kranki imefungwa kibati cha duara chenye meno 34 na pengo la meno mawili. Sensa iliyo kando yake inahesabu kila jino linavyopita. Silinda ikichoma vizuri, pistoni inasukumwa na kranki inaongeza kasi. Isipochoma, kranki inazubaa kwa kipande kidogo sana cha sekunde. Kompyuta inaangalia mzubao huo umetokea zamu ya silinda ipi, katika mpangilio wa 1, 3, 4, 2, na kuandika namba yake. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda inachoma mara 25 kwa sekunde, na kompyuta inazifuatilia zote. Ni kazi ya kustaajabisha. Lakini inaishia kuitaja silinda iliyoshindwa kusukuma, haifiki kwenye sababu ya kushindwa.

Na sababu ni nyingi. Huenda koili kweli imekufa. Huenda plagi imechakaa hadi pengo lake likawa pana mno kwa cheche kuruka. Nozeli inaweza kuziba, waya wa soketi ya koili ukakatikia ndani ya plastiki ambako hauonekani, valvu ikaungua na kuvujisha mgandamizo, gasketi ya silinda hedi ikapitisha maji. Hitilafu zote hizo zinaweza kuleta P0302. Anayetaja spea kwa kuitazama namba hiyo peke yake anabahatisha, na anabahatisha kwa pesa ya mtu mwingine.

Pengine kuchanganyikiwa huku kumetokana na asili ya mfumo wenyewe. Haukubuniwa kwa ajili ya kumrahisishia fundi kazi. Ulibuniwa kwa ajili ya hewa. Jimbo la California, lililosumbuliwa kwa miaka mingi na moshi wa magari, ndilo lililotangulia kuwalazimisha watengenezaji waweke kompyuta inayojichunguza. Kuanzia magari ya mwaka 1996, Marekani nzima ikawa na mfumo mmoja, wenye soketi ileile ya miguu 16 na namba zilezile za makosa. Ulaya ikafuata mwaka 2001 kwa magari ya petroli. Misi ilipewa uzito kwa sababu mafuta ambayo hayakuungua yanatoka mabichi hadi kwenye ekzosi, yanaungulia ndani ya masega, kile kisafisha moshi cha ekzosi, na joto lake linaweza kuyayeyusha. Masega hayo yana platinamu, paladiamu na rodiamu, ndiyo maana mapya ni ghali. Taa ya injini ikianza kuwaka na kuzima, kuwaka na kuzima, kompyuta inaonya kwamba misi imefikia kiwango cha kuyaharibu. Dereva anayeiona ikifanya hivyo aondoe mguu kwenye mafuta na atafute mahali pa kuegesha. Wengi wanaendelea kukanyaga hadi Kibaha au Thika, halafu bei ya koili moja inageuka kuwa bei ya ekzosi.

Upimaji wa kweli unafananaje, basi? Hauhitaji mashine ya mamilioni. Fundi makini, akishaisoma P0302, haifuti papo hapo. Anafungua kwanza ukurasa unaoonyesha hali ya gari wakati kosa linaandikwa: kasi, joto la maji, mzigo wa injini, mizunguko. Misi iliyotokea injini ikiwa baridi asubuhi si sawa na misi ya kupanda mlima na abiria watano. Ukifuta kosa, ukurasa huo nao unafutika, na inauma kuona gereji nyingi zikianzia na kitufe cha kufuta.

Kisha anachukua spana namba 10. Kwenye 1NZ-FE kila koili imeshikwa na bolti moja tu, juu kabisa, hakuna cha kufumua. Anazima injini, anaing’oa koili ya silinda ya pili na ya tatu, anabadilishana nafasi zake. Anafuta kosa, anawasha gari, analizungusha mtaani. Kosa likirudi kama P0303, limeifuata koili, na hapo mwenye gari anaweza kununua koili kwa moyo mweupe. Likibaki P0302, koili haina hatia. Zamu ya plagi inafuata, kwa mtindo uleule, kisha waya, kisha nozeli, na mwisho geji ya mgandamizo inayofungwa kwenye shimo la plagi. Jaribio la kuhamisha koili halimalizi hata nusu saa. Spea iliyotumika: hakuna.

Mara nyingine jibu linaonekana hata kabla ya kuhamisha kitu. Koili inachomolewa na mpira wake unatoka ukiwa umelowa oili nyeusi. Fundi anamulika shimoni kwa tochi ya simu, anaona plagi imezama. Sili za mashimo ya plagi kwenye kava ya valvu zimekauka na kukakamaa, oili imeshuka taratibu kwa miezi, mpira wa koili umelainika, na cheche imepata njia ya mkato ya kwenda kwenye chuma badala ya kuruka kwenye ncha ya plagi. Hapo koili mpya itafanya kazi, kwa muda. Itatumbukizwa katika shimo lilelile lenye oili, na baada ya miezi michache gari litarudi. Kilichohitajika tangu mwanzo kilikuwa gasketi ya kava na sili zake.

Skana nayo inajua mengi kuliko namba za makosa, iwapo mtu atajisumbua kufungua kurasa za mbele. Iko takwimu inayoonyesha kompyuta inaongeza au inapunguza mafuta kwa asilimia ngapi kulingana na sensa ya oksijeni. Ikisoma zaidi ya 20 gari likiwa limesimama linaunguruma, halafu ikashuka karibu na sifuri mizunguko inapofika 2,500, kuna upepo unaoingia kupitia mpira uliopasuka au gasketi iliyoachia. Ikipanda kadiri mguu unavyokanyaga, macho yaelekee kwenye pampu ya mafuta au chujio. Mpira wa upepo uliopasuka ni spea ya bei ndogo. Bila kuitazama takwimu hiyo, mwenye gari anaweza kununua plagi nne na nozeli nne kabla mtu hajauona.

Kuna magari ambayo skana haitasaidia sana, na fundi aseme hivyo waziwazi. Japani ililazimisha kompyuta za magari ya soko lake zitambue misi kuanzia mwaka 2008, kwa modeli mpya. Magari mengi ya Kijapani yaliyotangulia, ambayo yamejaa barabarani Tanzania na Uganda, yana soketi ileile ya miguu 16, lakini mengine hayahesabu misi ya silinda mojamoja, na mengine hayaelewani kabisa na kile kifaa kidogo cha Bluetooth kinachouzwa barabarani. Kwa gari la namna hiyo ipo njia ya wazee: injini ikiunguruma, soketi ya koili moja inachomolewa kwa sekunde chache na kurudishwa, moja baada ya nyingine. Silinda nzima ikikatwa, injini inalegea mara moja. Ikikatwa ile iliyokwisha kufa, mlio haubadiliki.

Na kuna P0300, ambayo inaandikwa misi inaporukaruka kutoka silinda hadi silinda. Hapo kuhangaika na koili moja ni kupoteza muda. Kinachotafutwa ni kitu ambacho silinda zote zinakitumia. Mafuta machafu ni mtuhumiwa wa kwanza. Kuchanganya petroli na mafuta ya taa kulikuwa kero kubwa kiasi kwamba EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji ya Tanzania, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na Kenya mwaka 2018 ikaweka tozo ya Sh18 kwa lita ya mafuta ya taa ili uchakachuaji usiwe na faida. Mtuhumiwa mwingine ni mashine ya kuoshea magari. Injini inapigwa maji ya presha ing’ae, maji yanaingia kwenye mashimo ya plagi, na gari linaondoka pale likirukaruka. Swali moja kwa dereva, “lilioshwa lini?”, lingeokoa koili nyingi.

Kwa nini basi mafundi wanaoyajua haya yote bado wanakimbilia dukani? Tuhuma za uvivu na ujinga haziwatendei haki. Tatizo ni jinsi wanavyolipwa. Mteja wa Afrika Mashariki analipia kitu anachokiona. Atatoa pesa ya koili kwa sababu koili inashikika na inakuja ndani ya boksi. Mwambie alipe kwa nusu saa ya kuhamisha koili, kutazama takwimu na kumulika shimo, atashangaa: “Hujabadilisha kitu, unanidai nini?” Fundi anayepima kwa uaminifu na kugundua mpira wa upepo umechomoka, akaurudisha kwa mkono, anaambulia pesa ya soda. Jirani yake aliyebadilisha koili nne zisizo na kosa analipwa ufundi, na juu yake anapata cha juu kutoka dukani. Katika hali hiyo, kila kipimo kinachofanywa vizuri kinampunguzia fundi kipato.

Hapo ndipo pa kubadilika, na wa kuanza ni mwenye gari. Gereji itaje bei ya kupima peke yake, bei ya spea peke yake, na bei ya kufunga peke yake. Mteja akubali kulipa ile ya kwanza hata isipofuatiwa na nyingine, na kwa malipo hayo awe na haki ya kuuliza: namba ilikuwa ipi, jaribio gani limefanyika, kosa limehama au limebaki? Fundi asiyeweza kujibu maswali hayo matatu hajapima. VETA, mamlaka ya ufundi stadi ya Tanzania ambayo tayari ina utaratibu wa kuwarasimisha mafundi waliojifunza mitaani, na NITA ya Kenya inayowapa mitihani ya ufundi, zinaweza kumpa mtahiniwa gari lenye P0302 na kumtaka aonyeshe sababu bila kununua chochote.

Fielder yenye oili kwenye shimo la plagi inaweza kuondoka gereji ikiwa na risiti ya mistari mitatu: kupima; gasketi ya kava ya valvu na sili; kufunga. Mashimo yamefutwa yakakauka, koili zimerudishwa, bolti nne zimekazwa. Skana bado imechomekwa, na safari hii ukurasa uliofunguliwa ni ule wa hesabu ya misi. Gari linazungushwa hadi barabara kuu, linakanyagwa, linarudi. Silinda ya kwanza 0, ya pili 0, ya tatu 0, ya nne 0.