Bure kwa Nani? Televisheni ya Umma na Kivuli cha Mlima

Januari mwaka huu nilichukua uamuzi ambao nyumbani kwangu ulipokewa kama msiba mdogo: niliacha kulipia kifurushi cha televisheni ya satelaiti. Kwa miaka tisa nilikuwa nimelipa kila mwezi bila kujiuliza. Bei ilipopanda nilinung'unika siku mbili, ya tatu nikalipa. Safari hii kifurushi kilipofika shilingi 35,000 nilishika kalamu na kupiga hesabu niliyopaswa kuipiga zamani: shilingi 420,000 kwa mwaka, kwa ajili ya chaneli zaidi ya mia moja, ambazo kati yake watu watano tunaoishi nyumba hii tulikuwa tukitazama saba tu. Na kati ya hizo saba, nne zilikuwa chaneli za hapa nchini ambazo mtu mwenye antena anazipata bila kutoa senti.

Kuhama kwenyewe hakukuwa na ugumu. Fundi alipanda juu ya bati, akafunga antena ya kawaida, akaielekeza uliko mnara, akashuka. Kazi nzima haikuzidi saa moja, na gharama yake ilikuwa pungufu ya kifurushi cha miezi mitatu. Jioni ile tulitazama taarifa ya habari kwa picha safi, na hakuna aliyetutumia ujumbe wa kutukumbusha kwamba zimebaki siku tatu.

Sitamdanganya msomaji kwamba hatukupoteza kitu. Kijana wangu alipoteza ligi za Ulaya, na sasa siku za mechi kubwa anakwenda kibanda umiza pamoja na wenzake. Mke wangu alipoteza tamthilia aliyokuwa ameifuata tangu sehemu ya kwanza. Mimi nilipoteza mabingwa wa kuchambua siasa za mataifa ya mbali, hasara ambayo nimegundua inavumilika. Kwa ujumla, familia ya mhadhiri anayeishi mjini ilihama kutoka televisheni ya kulipia kwenda televisheni ya bure, ikaokoa fedha na kubaki raia kamili wa nchi yake. Ningeishia hapo, makala hii ingekuwa ushauri wa matumizi ya fedha na si zaidi.

Lakini Machi mama yangu alinipigia simu. Mama ni mwalimu mstaafu, anaishi katika kijiji kimoja huko Mgeta, ndani ya Milima ya Uluguru. Televisheni yake nilimnunulia mimi, dishi nilimfungia mimi, na kifurushi nimekuwa nikimlipia mimi. Mwezi ule, katika shughuli za mitihani, nilisahau. "Mwanangu," aliniambia, "televisheni imenyamaza tangu Jumatatu. Hata habari hatuzipati." Nikamjibu kwa kujiamini kwa mtu aliyekwishafanikiwa: nitamtuma fundi amfungie antena kama yangu, tuachane na vifurushi.

Fundi alikwenda. Alizunguka nyumba yote, akapandisha mlingoti, akageuza antena pande zote nne za dunia. Mwishowe alinipigia na kuniambia jambo ambalo nilipaswa kulijua kabla ya kumlipa nauli: "Dokta, hapa mlima umekaa katikati. Hakuna kitu."

Hayo ndiyo yaliyonifanya niandike. Mimi na mama yangu tuko mkoa mmoja. Tunalipa kodi kwa serikali moja na tunapiga kura siku moja. Chaneli zinazoitwa za bure ni za bure kwangu, si kwake. Mimi ninaweza kuacha kulipa na bado nikasikia Rais amesema nini, bei ya mbolea imetangazwa kuwa ngapi, mvua zinatarajiwa lini. Yeye akiacha kulipa, kioo kinabaki na maandishi ya kumtaka alipe. Tofauti kati yetu haikuletwa na uvivu wala umaskini wake. Imeletwa na jiografia, na uamuzi wa watu wa kutoishughulikia jiografia hiyo.

Ufundi wake si wa kutatanisha. Mawimbi ya televisheni ya minara husafiri karibu sawa na mwanga: yakikutana na mlima, nyuma yake huacha kivuli. Mji uliolala tambarare hupata mawimbi, bonde lililojificha hukosa. Satelaiti za utangazaji, kwa upande mwingine, zimesimama juu ya ikweta umbali wa takriban kilomita 36,000, na mawimbi yake hushuka kutoka juu, hivyo maadamu dishi linaliona anga upande ilipo satelaiti, mlima si kitu. Kwa maneno mengine, teknolojia inayomfikia mwananchi wa mabondeni ndiyo hiyohiyo ambayo tumeiachia biashara ya vifurushi, na ile tuliyoitengea huduma ya bure ndiyo isiyomfikia.

Haikupaswa kuwa hivi. Wasomaji wa rika langu watakumbuka kwamba Tanzania Bara ilichelewa sana kupata televisheni. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, lakini Bara tulisubiri hadi 1994, ITV ilipoanza kurusha matangazo. Mimi nilikuwa mtoto, na mtaani kwetu seti ilikuwa moja. Tuliketi sakafuni kwa jirani, tukafukuzwa usiku ulipokuwa mkubwa, tukarudi kesho yake. Hakuna aliyeulizwa kama amelipa. Aliyekuwa na antena alipata, na jirani wa mwenye antena naye alipata.

Kisha likaja zama la dijitali. Usiku wa Desemba 31, 2012, mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, na mikoa mingine ikafuata. Wananchi walitakiwa kununua visimbuzi, au ving'amuzi kama tulivyozoea kuviita, kwa ahadi kwamba chaneli za kitaifa zitaendelea kuonekana hata kwa asiyelipia kifurushi. Ahadi ilikuwa nzuri. Kasoro yake ni kwamba ilifungamanishwa na mnara. Popote mnara usipofika, ahadi nayo haikufika.

Kasoro hiyo ilijitokeza wazi Agosti 2018. Wananchi walikuwa wamelalamika, na walikuwa na haki, kwamba kifurushi cha satelaiti kikiisha, hata chaneli za bure za nchini zinafungwa pamoja na zile za kulipia. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizitaka kampuni za satelaiti ziziondoe chaneli hizo katika visimbuzi vyao, kwa hoja kwamba leseni zao haziwaruhusu kuzibeba. Kisheria, hoja ilisimama. Lakini tazama matokeo yake kwa mtu aliye nyuma ya mlima. Jana yake alikuwa akizipata kwa kulipa, kesho yake hazipati kabisa. Dawa iliyotolewa ilimponya mgonjwa wa mjini, ambaye tayari alikuwa na antena, ikamwongezea homa mgonjwa wa kijijini. Swali ambalo lingepaswa kuulizwa kwanza lilikuwa rahisi: kabla ya kuziondoa katika satelaiti ya kulipia, tumeziweka katika satelaiti ipi ya bure?

Ibara ya 18 ya Katiba yetu inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu matukio muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi, na kuhusu masuala muhimu kwa jamii. Haisemi kila mtu anayeishi tambarare. Haisemi kila mtu ambaye mwanawe anakumbuka kulipa. Haki iliyoandikwa hivyo inaidai dola zaidi ya kutoingilia. Inaidai ifikishe.

Nafahamu kwamba neno litakalofuata ni gharama. Tumelizoea. Januari 2016, aliyekuwa Waziri wa Habari, Nape Nnauye, alilieleza Bunge kwamba TBC haitarusha tena moja kwa moja vikao vyake vyote kama ilivyokuwa awali, na sababu iliyotolewa ilikuwa gharama, zilizotajwa kuwa shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka. Siku ile wengi wetu tulibishana juu ya siasa za uamuzi huo. Nilichojifunza baadaye ni kwamba tulikuwa tumekubali jambo kubwa zaidi bila kulijadili: kwamba kumwonyesha mwananchi shughuli za nchi yake ni tumizi la kupunguzwa fedha zinapopungua, na si sehemu ya gharama ya kuwa na Bunge. Hatukatai kulipia viti vya wabunge kwa hoja kwamba ni ghali. Kwa nini macho ya wapigakura yawe anasa?

Mataifa mengine yamekwishalipatia jibu tatizo hili. India, kupitia shirika lake la umma la Prasar Bharati, ilianzisha mwaka 2004 huduma ya satelaiti ambayo leo inajulikana kama DD Free Dish. Mwananchi hununua dishi na kisimbuzi mara moja, basi. Hakuna malipo ya kila mwezi. Vituo binafsi vinavyotaka kuwafikia watazamaji hao hushindania nafasi kwa mnada, na fedha hizo husaidia kuiendesha huduma yenyewe. Uingereza, ambako minara ipo kila mahali, BBC na ITV ya huko waliona bado kuna watu wasiofikiwa, na mwaka 2008 wakaanzisha Freesat, satelaiti isiyo na kifurushi. Nchi hizo mbili hazifanani kwa utajiri wala kwa ukubwa. Zinafanana katika kutambua kwamba televisheni ya bure isiyo angani ni ya bure kwa baadhi tu.

Kwetu, chombo cha kubeba mzigo huu kipo. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote uliundwa kwa sheria ya mwaka 2006 kwa lengo la kupeleka huduma za mawasiliano pale ambapo biashara peke yake haiwezi kwenda. Minara ya simu imesimama vijijini kwa ruzuku ya mfuko huo, na hakuna aliyesema simu ya mkulima ni anasa. Napendekeza mantiki hiyohiyo: nafasi moja ya satelaiti, iliyo wazi bila kufungwa, ibebe TBC na chaneli zote za kitaifa zenye leseni ya kutazamwa bila malipo, ili kisimbuzi chochote cha bei nafuu kiweze kuzipokea. Vituo vichangie kulingana na uwezo, kwa kuwa navyo vitapata watazamaji ambao leo hawawezi kuwauzia matangazo, na mfuko ujaze pengo. Kanuni nayo izilazimishe kampuni za satelaiti zinazofanya biashara nchini kuziacha chaneli hizo wazi hata kifurushi kinapokwisha.

Zipo pingamizi, na zinastahili heshima. Mwenzangu mmoja idarani aliniambia kwamba ninapigania mavi ya kale: vijana hawatazami televisheni, wako kwenye simu. Ni kweli kwa sehemu. Lakini simu nayo inahitaji bando, na bando ni kifurushi kwa jina lingine. Mama yangu akitazama taarifa ya habari ya saa nzima kwa simu kila usiku, atanilazimisha kulipa zaidi ya nilivyokuwa nikilipa kwenye dishi. Tutakuwa tumemtoa kwenye lango moja na kumpeleka kwenye lango jingine.

Mwingine aliuliza kama chaneli zenyewe zinastahili kufikishwa kokote, na muda mwingi zimejaa vichekesho, maombezi na muziki. Hapa nakubali zaidi kuliko ninavyopenda. Tangu nihame nimezitazama kwa makini kuliko zamani, na zipo jioni nilizozima seti kwa hasira. Hata hivyo naona sababu mojawapo ya udhaifu wao ni kwamba sisi wenye sauti tuliondoka. Tulilipia dirisha la kutazama ya wengine, tukaacha sebule ya taifa kwa wale ambao malalamiko yao hayaandikwi magazetini. Shule ya umma hudhoofika watoto wa walimu wakuu wanapohamishwa, na televisheni ya umma haina bahati tofauti. Tukirudi tuje na madai, si na remoti peke yake.

Na wakati wa kudai ni huu. Mwaka 2027 Kombe la Mataifa ya Afrika linachezwa Tanzania, Kenya na Uganda. Viwanja vinajengwa na kukarabatiwa kwa fedha za umma, zikiwemo za mama yangu. Uingereza, Sheria ya Utangazaji ya mwaka 1996 inalinda orodha ya matukio ya michezo yasiyoruhusiwa kufungiwa kwenye televisheni ya kulipia pekee, fainali za Kombe la Dunia zikiwemo. Sioni sababu ya sisi kutokuwa na orodha yetu, fupi na ya wazi, na mechi za Taifa Stars katika mashindano hayo ziwe juu kabisa. Haki za ligi na klabu ziachwe sokoni, kwani klabu zinahitaji fedha hizo na kampuni zilizowekeza zimeinua kiwango cha mchezo. Timu ya taifa ni jambo jingine.

Mimi sijarudi kwenye kifurushi, na sidhani kama nitarudi. Lakini cha mama nimekilipia tena, cha Aprili na cha Mei, na nimeweka alama kwenye kalenda ili nisisahau. Kila ninapolipa najiuliza kuhusu mzee wa nyumba ya pili pale kijijini, ambaye hana mtoto mjini. Yeye ndiye kipimo cha neno bure. Siku atakapoiona taarifa ya habari bila kumwomba mtu, tutakuwa na haki ya kusema nchi hii ina televisheni ya umma.