Ukimya wa gettext: Tafsiri ya Ujumbe wa Programu na Dhima ya Uhakiki

Wapo wahakiki wanaoshikilia kwamba ujumbe wa kompyuta si matini, na kwa hivyo haustahili kushughulikiwa na taaluma ya fasihi. Kwa maoni yao, kazi hiyo ni ya mafundi. Na fundi akishindwa, lawama ni ya Kiswahili, ambacho hudaiwa kupungukiwa na istilahi. Dai hili halina mashiko, na amri moja fupi yatosha kulibainishia udhaifu wake.

Mtumiaji wa Kilifi au Malindi aandikapo gettext kwenye mstari wa amri, akataja jina la programu na sentensi ya Kiingereza, mashine huisaka sentensi hiyo katika hazina ya tafsiri za lugha aliyoichagua. Ikipatikana, Kiswahili chake huchapwa. Isipopatikana, Kiingereza hurudishwa vilevile kilivyo, bila onyo wala radhi. Katika utaratibu huu Kiingereza si lugha mojawapo miongoni mwa lugha. Ndicho ufunguo, na ndicho kimbilio. Wahenga walimkirimu mgeni siku mbili, ya tatu wakampa jembe. Mgeni huyu hakupewa jembe. Alikabidhiwa funguo za nyumba.

Hoja ya upungufu wa istilahi ilikwisha kujibiwa kwa vitendo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisini kwa Kiswahili. Istilahi zilipatikana. Kinachokwaza ni upatanisho wa kisarufi. Katika ujumbe wa kuarifu kwamba kitu kimefutwa, mwandishi wa programu huacha pengo la jina, kisha huweka kitenzi kimoja. Kiingereza huridhika. Kiswahili hudai: jina limefutwa, kitabu kimefutwa, picha imefutwa. Watetezi watasema kuwa amri ya ngettext hushughulikia umoja na wingi. Ni kweli; lakini idadi si ngeli. Watasema pia kwamba tangu mwaka 2006 ujumbe waweza kuambatishwa muktadha. Ni kweli vilevile. Ila muktadha huo huwekwa na mwandishi wa programu, ambaye ni rahisi kuusahau ikiwa lugha yake mwenyewe haimdai upatanisho.

Mfasiri mwenye jicho huukwepa mtego huo kwa kuandika «Kufuta kumekamilika», kisha nukta mbili na jina. Upatanisho huokoka, lakini sentensi hukauka, ikawa na sauti ya tangazo la ofisi ya serikali. Kuchagua baina ya usahihi na uhai wa kauli ni uamuzi wa kimtindo, na uamuzi wa kimtindo ndio uwanja wa mhakiki.

Pwani hii si ngeni kwa jambo hili. Krapf na Rebmann walianzisha kituo chao Rabai mwaka 1846; kamusi ya Krapf ya mwaka 1882 iliegemea Kimvita. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ukakichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Leo alama za sw_KE na sw_TZ hukigawa Kiswahili kwa mipaka ya dola, kana kwamba Malindi na Kisumu husema namna moja, na Mombasa na Tanga hazisikilizani.

Idara za Kiswahili, za pwani na za bara, hazina budi kuikubali tafsiri ya programu kuwa mada halali ya tasnifu ya uzamili, na kuihakiki kwa ukali uleule unaotumika kuhakikia tafsiri ya tamthilia. Zikiendelea kukaa kimya, zitakuwa kama hazina isiyo na tafsiri: Kiingereza kitarudi vilevile kilivyoingia, na msomaji hataarifiwa kwamba kuna kilichokosekana.