Kalavati Halikatiwi Utepe

Msafiri atokaye Same kwenda pwani anazo njia mbili. Moja ni barabara kuu ya lami ipitayo magharibi ya milima, kwa Makanya na Hedaru, hata Mombo na Tanga. Ya pili hupita mashariki, kati ya Milima ya Pare na Hifadhi ya Mkomazi, kwa Kisiwani, Maore, Ndungu na Kihurio, kisha ikaungana na ile kuu huko Mkomazi. Kwa miaka mingi hii ya pili ilikuwa udongo mtupu. Miaka hii vipande vyake vimeanza kuwekwa lami. Tunaizungumza leo, pamoja na njia za udongo zinazoiteremkia kutoka milimani, kwa kuwa ndizo zibebazo mpunga wa Ndungu na tangawizi ya Mamba Miamba.

Mgeni hudhani adui wa njia hizi ni tope. Tope lasumbua, hatukatai. Lakini utingo hushuka na jembe, matawi hutandazwa chini ya magurudumu, abiria wakasukuma, na safari ikaendelea. Adui mkubwa ni mvua iliyonyesha mahali pengine. Kilele cha Shengena chapita mita 2,400, na miteremko ya mashariki hupokea pepo zenye unyevu kutoka baharini, hali tambarare iliyo chini yake ni kavu. Basi dereva huweza kwenda juani, vumbi likimfuata nyuma, akafika penye korongo alilolivuka asubuhi bila kulowesha gurudumu, akalikuta limejaa maji mekundu yanayovingirisha mawe na magogo.

Dereva huyo na asubiri. Maji ya makorongo hupanda upesi na mara nyingi hupungua upesi, wala hayangoji kufika dirishani ndipo yachukue gari. Kwa jirani zetu wa Kenya, Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilisombwa katika Mto Enziu, karibu na Mwingi, na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha.

Lakini sisi tulioketi mezani twaweza kusema “subiri” bila gharama yoyote. Kibarua wa lori alipwaye kwa safari hapati kitu kwa saa anazokaa ukingoni, na huku mwenye gari anapiga simu kuuliza mzigo umefika wapi. Hapo ndipo mtu hujaribu kuvuka. Twaona yafaa vyama vya wafanyakazi vidai, bila haya, kwamba saa za kungoja maji yapungue zihesabiwe kuwa saa za kazi.

Mkulima naye hulipa kwa namna yake. Njia ikikatika, wanunuzi kumi hubaki mmoja, yule mwenye lori refu, naye ndiye apangaye bei ya gunia. Mwenye ada ya shule ya kulipa hana nguvu ya kubishana naye.

Na njia hukatikaje? Mara nyingi huanza na jambo dogo. Mdomo wa kalavati huzibwa na mchanga na matawi ya masika yaliyopita. Maji yakikosa tundu lake hupanda juu ya barabara, yakala kingo za tuta, na kwa usiku mmoja kazi ya greda ya mwezi mzima imekwenda. Watu wanne wenye makoleo wangeufungua mdomo ule mwezi wa Septemba. Ila kalavati lililozibuliwa halikatiwi utepe, wala halina kiongozi wa kupigwa picha mbele yake.

Tutajibiwa kwamba mvua za siku hizi zimezidi kiasi. Ni kweli. Aprili 2024 Waziri Mkuu aliliarifu Bunge kwamba watu 155 wamekufa kwa mafuriko na maporomoko. Mwezi uliofuata mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya Lindi pale Somanga. Na watu wa Mamba Miamba hawajasahau Novemba 2009, mlima ulipoporomoka huko Goha na kuua watu wasiopungua 20. Mlima ukianguka hapana koleo la kuuzuia. Lakini hatuwezi kuifanya misiba hiyo kuwa kisingizio cha kalavati lililozibwa na vuli ya kawaida.

Wala isisemwe kwamba fedha hazikutolewa. TARURA iliundwa mwaka 2017 kwa ajili ya barabara za namna hii, na tangu mwaka 2021 kila lita ya petroli na dizeli iliongezewa shilingi 100 kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini. Kijana wa bodaboda wa Gonja ameilipa mara nyingi. Wapare si watu wa kukwepa msaragambo. Ndiva zao za kumwagilia zilichimbwa na kuzibuliwa kwa mikono ya wote. Wala si watu wa kulipa gizani: Januari 1945 maelfu waliteremka milimani hadi bomani Same, wakaikataa kodi ya mbiru, wasikubali kila mtu akadiriwe mali yake. Kodi sawa kwa wote walikuwa tayari kuilipa.

Kwa hiyo, kabla vuli haijaanza, kila mkutano wa kijiji kuanzia Kisiwani hadi Kihurio na usomewe hesabu ya makalavati yake: yapi yamezibuliwa, yapi bado, na fedha za yale yaliyobaki ziko kwa nani.